Neno Nililolikosa Kikaoni

Wiki hii nimeisoma upya kanuni ambayo serikali ya shirikisho ya Marekani iliitoa tarehe 30 Aprili 2024 kuhusu makao ya watoto walio LGBTQI, yaani wale ambao mvuto wao wa kimapenzi, utambulisho wao wa jinsia au maumbile yao ya jinsia ni tofauti na ya wengi, wanapokuwa katika malezi ya kambo, wakitunzwa na familia nyingine badala ya wazazi wao, na kila nikifika katikati yake nakumbuka kikao kimoja nilichoitwa kuwa mkalimani. Mtoto alikuwa na miaka 14. Ofisa ustawi wa jamii alimuuliza kwa upole kama kuna jambo lolote kuhusu jinsia yake, au kuhusu watu anaovutiwa nao, ambalo angependa familia itakayompokea ilijue. Kwa Kiingereza swali lilikwisha kwa pumzi moja. Mimi nilisita, kwa sababu maneno mengi tuliyo nayo ya kulitaja jambo hilo ni matusi, na machache yasiyo matusi yananuka kamusi. Nikazungukazunguka. Mtoto akanitazama mimi, si ofisa, akasema, "Hamna kitu, mama."

Kanuni ile ilitaka kila jimbo lihakikishe kuna walezi maalumu kwa ajili ya watoto hawa: waliopata mafunzo, walioahidi kumpa mtoto mazingira ya kumuunga mkono jinsi alivyo, na watakaomwezesha kupata huduma zinazolingana na umri wake. Haikumlazimisha mlezi yeyote kuwa mmoja wao, jambo ambalo kwa maoni yangu lilimezwa na kelele zilizofuata. Majimbo yalipewa muda hadi tarehe 1 Oktoba 2026. Texas ikaenda mahakamani, na mwezi Machi 2025 jaji wa shirikisho katika jimbo hilohilo akaisimamisha.

Sizipuuzi hofu za walezi wa dini. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja ya majaji wote 9, iliupa ushindi wakala wa Kikatoliki dhidi ya jiji la Philadelphia, lililokuwa limeacha kuupelekea watoto kwa sababu haukukubali kuwapitisha wapenzi wa jinsia moja kuwa walezi. Lakini shauri lile lilihusu nani anaweza kuwa mlezi. Usiku wa kwanza wa mtoto katika nyumba ya watu asiowajua ni suala jingine, na watoto hao si wachache: utafiti uliofanywa Los Angeles na kutolewa mwaka 2014 ulikuta kuwa takriban asilimia 19 ya vijana wa miaka 12 hadi 21 waliokuwa katika malezi ya kambo walijitambulisha kuwa LGBTQ.

Kifungu kinachonirudisha kikaoni ni kile kilichoagiza kwamba watoto wote wa miaka 14 na zaidi waarifiwe kuwa makao hayo yapo. Wote, bila kwanza kuulizwa wao ni nani. Taarifa ningeitafsiri bila kigugumizi, na mtoto yule angeondoka nayo moyoni, aitumie siku atakayotaka au asiitumie kabisa. Badala yake alitakiwa ajifichue kwanza, mbele ya watu wazima wawili, mmoja wao akiongea lugha ya nyumbani kwao.

Mkalimani haruhusiwi kuongeza neno lake, wala kumfuata mtoto kujua alipelekwa wapi. Jioni ile niliandika kwenye daftari namna tatu za kuliuliza swali lile kwa Kiswahili. Nimezisoma tena leo, na mbili nimezifuta.