Kijicho Changu na Kola za Jirani

Ninashona nguo Ngamiani, Tanga, tangu mwaka 2006, na kwa miaka kumi ya mwanzo sikujua kuwa nina kijicho, kwa sababu hapakuwa na wa kunitia kijicho. Matajiri wa Dar es Salaam hawakuwahi kuninyima usingizi. Aliyeninyima ni kijana aliyefungua kibanda mkabala na changu, mdogo kwangu kwa miaka kumi na mmoja, mwenye cherehani moja kama mimi, ambaye kabla mwaka haujaisha alikuwa akirudisha wateja kwa kukosa nafasi huku mimi nikikata suruali na kubadilisha zipu.

Nilijipa kila sababu: anatoza bei ya kutupa, ana mganga. (Bei yake, nilipokuja kuijua, ilikuwa juu ya yangu.) Kilichonizindua ni aibu ndogo. Mwishoni mwa Ramadhani, nguo za Idi zikiwa zimemjaa hadi mlangoni, cherehani yake ilikatika mkanda, nami nikajikuta ninatabasamu peke yangu, mkasi mkononi. Nilikuwa na mkanda wa akiba kwenye droo. Sikuutoa mpaka baada ya adhuhuri.

Usiku ule nilikumbuka hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inayotaja watu wawili tu wanaofaa kuhusudiwa: aliyepewa mali akaitumia katika haki, na aliyepewa hekima akahukumu kwayo na kuifundisha. Wanazuoni husema husuda hiyo ni ghibta, yaani kutamani neema kama ya mwenzako bila kuomba imtoke. Basi nikafungua ukurasa wa nyuma wa daftari la vipimo, nikajiuliza kwa maandishi ninachomhusudu ni kipi hasa. Jibu la kwanza, “kila kitu”, halikunifaa, nikalichambua. Umati wa wateja sikuutaka, kwa kuwa kukesha kunaniumiza mgongo. Kibanda chake ni kidogo kuliko changu. Zikabaki kola: za mashati yake zililala, ncha zote mbili sawa, hata baada ya kufuliwa, ilhali zangu ziliumuka kama maandazi.

Kuvuka barabara kulinichukua wiki tatu. Nilipomuuliza alidhani ninamtania.

“Kaka, wewe unaunga kwanza ndipo upige pasi,” alisema hatimaye. “Mimi siungi kitu ambacho sijakipiga pasi.”

Kisha akanionyesha. Kitambaa cha pamba hukilowesha na kukianika kabla ya kukikata, kwa kuwa pamba hurudi, na ikirudi baada ya kushonwa, kola huumuka. Kipande cha chini cha kola hukikata kiwe kidogo kuliko cha juu, tofauti ya unene wa sarafu, ili mshono uvutwe chini usionekane. Pembe huzipunguza kitambaa cha ziada kabla ya kuigeuza kola. Hakuna siri hapo. Ni subira niliyokuwa sina.

Nililipia vitambaa viwili vya watu kabla mkono wangu haujazoea. Wateja wameongezeka kiasi, si kama wake, na siwezi kudai kuwa kijicho kimeniondoka. Hadi leo mtu akitoka kibandani kwake na shati jipya, ninamtazama mpaka apite kona, ila macho yangu sasa huanzia kwenye kola.