Nilikuwa nafyeka msitu huku nanunua miche

Misimu mitatu nimetupa hela kwenye miche jamani. Shamba letu la familia liko Kongwa, na kama umewahi kupita Kibaigwa mwezi wa kumi unalijua lile vumbi, ukishuka kwenye basi unatafuna mchanga. Mi kila mvua zikianza Desemba nanunua miche, napakia kwenye boda, nachimba mashimo, napiga picha naweka status. Ikifika Agosti imekauka yote na mchwa wanamalizia. Msimu wa tatu kwenye miche 60 ilipona minne, na hiyo minne mbuzi wa jirani akaja akamaliza kazi.

Baba mdogo alikuwa ananiangalia tu, siku moja akaniuliza, sasa we unanunua miti ya nini na hii unayoifyeka kila mwaka? Akanionyesha vile vichaka vya miba ninavyosafishaga kabla ya kulima. Kumbe ni migunga! Ilikatwa kabla sijazaliwa ila mizizi ipo hai chini kabisa, kila mwaka inachipua, sisi tunakuja na panga, ng'ombe nao wanakula kilichobaki, basi inabaki kichaka miaka yote.

Njia ya kuirudisha iwe miti tena, hapa Dodoma wanaiita kisiki hai. Unakiangalia kisiki, unachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka yenye nguvu, mengine unakata, alafu hayo uliyoacha unayapogolea matawi ya chini, usizidi nusu ya urefu maana ukizidisha mti unakuwa mwembamba upepo unaulaza (niliua wawili hivyo). Unafunga kitambaa ili mtu ajue hapa pana mwenyewe. Humwagilii, kwa sababu mizizi ilishafika kwenye unyevu zamani, wakati mche wa kwenye kiriba unaanza safari upya na kiangazi kinaukuta njiani.

Nikaingia mtandaoni kusoma, nikakutana na Tony Rinaudo, Muaustralia aliyekuwa Niger, eneo la Maradi. Nae alihangaika na miche inakufa mpaka 1983 akagundua vichaka vya kando ya barabara ni miti iliyokatwa. Wakulima wa Niger wakaichukua hiyo njia na ndani ya miaka kama 20 miti ikarudi kwenye hekta karibu milioni 5. Yani mzee alichoka na miche kama mimi, nilifarijika aisee.

Ila ata hapa kwetu si jambo geni. Wasukuma wana ngitili, kipande cha malisho wanakifunga wakati wa mvua kipumzike, kiangazi wanafungulia mifugo. Mradi wa HASHI, yani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza 1986 ngitili zilikuwa zimebaki kama hekta 600, na miaka ya mwanzo ya 2000 zilishapita hekta 300,000. Kondoa nako 1979 serikali ilihamisha mifugo yote kwenye eneo lililoliwa na makorongo, na majani na miti ikarudi, kwa sehemu kubwa yenyewe, lakini muulize aliyehamishwa na ng'ombe wake kama alifurahi. Mi ile ya Wasukuma naipenda zaidi, wenyewe wamekaa wamekubaliana wapi pafungwe.

Mana na mimi kazi kubwa haikuwa panga, ilikuwa kwenda kuongea na majirani wenye mbuzi, nyumba moja nimerudi mara nne.

Sasa hivi mwaka wa nne, migunga mingine imenipita urefu. Mama mwanzoni alisema nafuga nyoka, siku hizi ndo wa kwanza kuuliza napogolea lini maana anapata kuni bila kutembea. Anayelalamika ni dereva wa trekta, anasema hawezi kukatakata kona kwenye miti, kapandisha bei, kwa hiyo msimu huu natafuta mtu mwenye plau na ng'ombe wawili. Kama yupo maeneo ya Kongwa anicheki.