Ile meza ya watu wanne ndani ya treni

Ndugu zangu, mkiniuliza maisha ya huku Marekani huwa nawajibu baridi, bili na kazi za usiku, tunaishia hapo. Leo nataka niandike kitu ambacho kimenikaa moyoni muda mrefu, nacho ni chakula cha kwenye treni za safari ndefu. Najua mtu atasema jamani chakula cha treni nacho ni cha kuandikia? Ngoja nianze mwanzo.

Mi nilikuja mwaka 2009, nikafikia Minnesota, nikapata kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku. Juni 2013 mdogo wangu akajifungua kule Seattle, ndege ilikuwa bei juu sana kwa mfuko wangu, nikakata tiketi ya treni inayoitwa Empire Builder. Hii inatoka Chicago, inakatiza North Dakota na Montana yote mpaka Seattle. Nilipandia St. Paul usiku, kwenye ile stesheni ya zamani ya Midway kabla hawajahamia Union Depot mwaka 2014, na tiketi yangu ilikuwa ya kiti tu, si ya chumba cha kulala, kwa hiyo usiku wa kwanza na wa pili nililala kwenye kiti.

Siku ya pili mchana akapita mhudumu, mama mmoja mtu mzima, anauliza kila kiti nani atakula chakula cha jioni na saa ngapi, anaandika jina, anakupa saa yako. Mi nikajua ni kwa wale wa vyumba. Nikamuuliza, hata mimi? Akasema hata wewe mpenzi, ukiwa na hela yako njoo. Nikaenda. Mezani wanakaa watu wanne, na ukija peke yako huchagui, unawekwa penye nafasi. Nikawekwa na mzee mmoja mkulima wa ngano na mkewe, walipandia kimji kidogo Montana wanaenda Spokane kwa daktari wa moyo, na kijana aliyekuwa anafanya kazi ya visima vya mafuta Williston.

Yule mzee akaniuliza unaenda wapi. Swali la kwanza. Hakuniuliza natoka wapi, nasisitiza hilo kwa sababu wenzangu mnaoishi huku mnajua tunaulizwa natoka wapi mara ngapi kwa siku. Nikamwambia naenda kumuona mtoto wa mdogo wangu, basi mkewe akaweka uma chini akataka kujua jina la mtoto, uzito, kama ananyonya vizuri, kijana wa mafuta naye akatoa simu akatuonyesha bintiye, mzee akawa ananionyesha dirishani yale maghala marefu ya nafaka, kila kimji na ghala lake, ananieleza ngano ya kupanda vuli na ya kupanda masika zinatofautianaje. Nje milima ya Glacier inaanza kuonekana na jua halijazama, maana kule Juni jua linachelewa sana. Tulikula nyama na viazi na mikate midogo ya moto, tukakaa mpaka mhudumu akatuomba tupishe wengine.

Nilikuwa nimekaa Marekani miaka minne na ile ndo ilikuwa mara ya kwanza nakaa meza moja na Wamarekani tunakula, si kazini, si kanisani, wala sio mimi ndo nimewashikia kijiko nawalisha. Miaka minne! Ndo maana nasema ile meza haikuwa chakula tu.

Sasa basi, ile meza wamekuwa wakiipunguza kidogo kidogo, na nimefuatilia kwa sababu nina uchungu nayo. Treni hizi za masafa zinaendeshwa na Amtrak, shirika lililoanza kazi Mei 1971 baada ya makampuni binafsi ya reli kuchoka kubeba abiria, na kila mwaka linategemea pesa za bunge. Wabunge wamelipigia kelele chakula kwa miaka mingi. Mwaka 2012 kulikuwa na kikao kizima cha kamati ya bunge kuhusu hasara ya chakula, wakasema zaidi ya dola milioni 800 zimepotea kwa miaka 10, mbunge John Mica akawa anapigia hesabu baga moja moja, inauzwa kiasi gani na inagharimu kiasi gani. Desemba 2015 ikapita sheria ya usafiri iliyoitaka Amtrak itengeneze mpango wa kumaliza hasara ya chakula ndani ya miaka 5. Hapo ndo panga lilipotoka alani, ingawa treni ya Silver Star ya kwenda Florida ilikuwa imeshaondolewa behewa lake la chakula tangu Julai 2015 wakisema wanajaribu.

Juni 2018 treni mbili za kutoka Chicago kwenda mashariki, Capitol Limited na Lake Shore Limited, zikaacha kupika. Abiria wa vyumba wakawa wanapewa boksi lenye chakula baridi, na abiria wa viti wakabaki na duka dogo la vitafunwa, chipsi, sandwichi na vitu vya mikrowevu. Oktoba 2019 mtindo huo ukaenea kwenye treni nyingine za mashariki, safari hii vyakula vikawa vya kupashwa moto, na behewa la chakula likawa mahali pa kupumzikia watu wa vyumba peke yao. Na kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba Amtrak walikuwa wameagiza mabehewa 25 mapya ya chakula yenye jiko kamili, yakaanza kuingia kazini miaka ileile, jiko jipya kabisa, na upande wa mashariki wakawa hawapiki humo.

Na si chakula tu. Treni ya Coast Starlight inayokwenda Los Angeles kutoka Seattle ilikuwa na mabehewa ya mapumziko ya mwaka 1956, yana viti vya kuzunguka, baa, na chini chumba kidogo cha sinema, wakayastaafisha Februari 2018. Ile treni ya Auto Train inayobeba watu pamoja na magari yao kwenda Florida, abiria wa viti walikuwa wanapewa chakula cha jioni ndani ya nauli, Januari 2020 wakaondolewa. Ikaja korona, jiko likazimwa karibu kila mahali, Oktoba 2020 treni nyingi za masafa zikawa zinatoka siku 3 tu kwa wiki badala ya kila siku. Juni 2021 treni za magharibi zikarudishiwa mapishi, watu walifurahi sana, ila kwa abiria wa vyumba tu. Mtu wa kiti akabaki nje.

Hapo ndo penye kidonda kwangu. Chumba kwenye treni hizi ni ghali, mara nyingi kinashinda nauli ya kiti mara kadhaa. Wanaopanda viti ni nani? Ni sisi. Ni wahudumu wa hospitali, wanafunzi, wazee wanaoogopa ndege au walioambiwa na daktari wasipande, Waamish, wale Wakristo wanaoishi kizamani, na familia zao nzima maana wengi wao kwa imani yao hawapandi ndege, mama mwenye watoto watatu anayehama mji, kijana anayerudi kutoka jeshini. Watu hawa ndo wako kwenye treni saa 30, saa 40, na hao ndo walioambiwa wakale chipsi. Mgonjwa wa sukari atakula nini humo siku mbili? Mi nafanya kazi na wagonjwa wa sukari najua ninachosema, mtu hawezi kuishi kwa keki na soda halafu sindano yake ikakaa sawa.

Na ile hesabu ya baga nayo haijakaa vizuri kwangu. Sehemu kubwa ya gharama ya behewa la chakula ni mishahara ya wanaopika na kuhudumu, nyama yenyewe si kitu. Na yule abiria wa chumba analipa chakula chake ndani ya tiketi, halafu wahasibu ndo wanaamua sehemu gani ya tiketi ihesabiwe kwenye chakula, kwa hiyo ukisema behewa limepata hasara kiasi fulani unazungumzia jinsi ulivyogawa hesabu kwa kalamu pia. Mtu anayekata tiketi ya siku mbili hanunui kiti leo na chakula kesho kama anaenda sokoni, ananunua safari, na safari ya siku mbili bila chakula cha maana wengi hawairudii. Bunge lenyewe liliona hilo, maana sheria ya miundombinu ya Novemba 2021 ikafuta lile sharti la kumaliza hasara ya chakula na ikaagiza liundwe jopo la kuangalia huduma ya chakula. Lakini kufuta sharti ni siku moja, kurudisha wapishi waliokwishaondoka ni miaka.

Kuna jambo lingine nilijifunza baadaye na sikuweza kuliweka mbali na meza yangu ya Montana. Mei 1942 Mmarekani mweusi anaitwa Elmer Henderson, mfanyakazi wa serikali, alikuwa kwenye treni ya kampuni ya Southern Railway kutoka Washington kwenda Birmingham, Alabama, tena tiketi yake ya daraja la kwanza. Zamani zile meza za mwisho zilitengwa kwa watu weusi na pazia linavutwa katikati. Henderson alipofika akakuta wazungu wamekaa mpaka kwenye zile meza za pazia, nafasi moja ikawa wazi, wakakataa kumkalisha, wakamwambia ataitwa, akarudi tena na tena, mpaka behewa la chakula likakatwa kwenye treni saa 3 usiku hajala. Akashtaki. Tarehe 5 Juni 1950 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema ule utaratibu ni kinyume cha sheria. Reli ile ya Washington kwenda Birmingham leo inapita treni ya Crescent, na Crescent ni mojawapo ya zile zilizoacha kupika Oktoba 2019. Sisemi ni kitu kimoja, hapana, ubaguzi wa rangi ni dhambi ya peke yake. Nasema tu kwamba mtu alikaa na njaa akaenda mahakamani miaka 8 ili mtu kama mimi aketi pale aulizwe unaenda wapi, na nisingependa mlango ule ufungwe na tiketi.

Kwa mnaopanga kusafiri kwa treni huku, jiandaeni. Bebeni begi la chakula la kutosha safari nzima na saa sita za ziada, maana sehemu kubwa ya reli ni mali ya makampuni ya mizigo na treni ya abiria inaweza kusimama porini ikisubiri ya mizigo ipite ingawa sheria inasema abiria watangulie. Mayai ya kuchemsha, wali ulioshikana, matunda, karanga, chupa ya chai ya kuhifadhi moto, maji mengi. Mikrowevu ya dukani mara nyingi hawapashi chakula chako, kwa hiyo pika kitu kinacholika baridi. Na msitegemee intaneti, Montana unakaa masaa simu haioni kitu. Pia kama unaenda Portland kwa Empire Builder, jueni usiku pale Spokane treni inakatwa vipande viwili, behewa la chakula linakwenda Seattle na la mapumziko linakwenda Portland, usije ukaamka asubuhi unatafuta behewa ambalo liko njia nyingine.

Sasa habari njema maana ipo. Mwaka 2023 Amtrak walianza kuruhusu abiria wa viti wa Coast Starlight wanunue chakula kwenye behewa la chakula, wakati huo dola 20 asubuhi, 25 mchana na 45 jioni, kama nafasi ipo baada ya watu wa vyumba. Niliposikia nikaomba likizo. Mwanangu wa pale Seattle, yule yule wa 2013, alikuwa na miaka 10, nikamchukua tukaenda naye mpaka Sacramento. Mhudumu alipopita nikamwambia wawili, wa viti, akaandika jina, nikajikuta machozi yananilenga mbele ya mtoto.

Tuliitwa treni imeshatoka Eugene inaanza kupanda milima, misitu pande zote mbili, meza ina kitambaa. Dola 90 kwa wawili ni hela nyingi kwangu, ni zamu nzima ukitoa kodi, sitawaficha. Mbele yetu wakakalishwa mama wa makamo na baba yake mzee sana, mikono inamtetemeka. Yule mzee akachukua muda kukaa sawa, akafungua kitambaa chake cha mezani, akamtazama mtoto wangu, akamuuliza, haya bwana mdogo, unaenda wapi?