Siku moja maishani mwangu: tarehe 1 Januari, Jhandapur, India

Saa 11 alfajiri. Simu inalia, nami naitukana. Wenzangu wa hosteli wamelala saa nane za usiku baada ya kuupokea mwaka, wanakoroma. Baridi ya Delhi mwezi huu ukimsimulia mtu wa Tanga atadhani unatia chumvi. Navaa fulana mbili, sweta na koti, kisha najizungushia shingoni kikoi cha marehemu babu.

Saa 12 na nusu niko Shadipur, mlangoni pa Studio Safdar. Wenyewe ni kikundi cha maigizo, Jana Natya Manch, kila mtu hukiita Janam, na leo kinakwenda kuigiza Jhandapur. Kinaigiza barabarani tangu miaka ya 1970, na huu ni ukumbi wake mdogo. Mimi si mwigizaji, nasoma uzamili hapa na nimejitolea kubeba vitu: ngoma, mabango, vitabu vya kuuza, na shuka la kukusanyia mchango. Hayo manne tu. Kumbuka hilo la nne.

Saa 1 na nusu tumo kwenye treni ya metro kuelekea Vaishali. Nje ukungu umefunika kila kitu. Tukishuka tunapanda bajaji, na hapa India ndiko hasa lilikozaliwa jina hilo. Dereva anauliza natoka Nigeria. Hapana kaka, Tanzania. Anatikisa kichwa kana kwamba ni jibu lile lile.

Saa 3. Jhandapur iko Sahibabad, eneo la viwanda la Ghaziabad, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Delhi. Watu wameota moto wa vipande vya mbao kando ya barabara. Mama mmoja ananipa chai ya tangawizi kwenye kiglasi kisichotosha hata kulowesha andazi, lakini ya moto kwelikweli. Nakunywa tatu. Tunafunga mabango, nafungua furushi la mwisho, na shuka halimo. Nimeliacha Shadipur juu ya kiti. Namwendea mkubwa wetu wa kazi nikiwa tayari kutukanwa. Anaangalia shingo yangu, anaonyesha kikoi kwa kidevu. Basi.

Saa 5 ndiyo saa niliyoijia. Tarehe 1 Januari 1989, asubuhi kama hii, Janam walikuwa hapa hapa wakiigiza Halla Bol, mchezo kuhusu mgomo. Wafanyakazi wa viwandani walikuwa wametoka kugoma siku 7 mwezi Novemba uliotangulia, wakidai mishahara. Ulikuwa pia wakati wa uchaguzi wa manispaa, na kikundi kilikuwa upande wa mgombea wa wafanyakazi. Kundi la mgombea mwingine likaja na vyuma na bunduki. Kibarua mmoja, Ram Bahadur, aliuawa kwa risasi. Safdar Hashmi, aliyekuwa mwigizaji, mtunzi na mwanachama wa chama cha kikomunisti, alipigwa kichwani akijaribu kuwapa wenzake nafasi ya kukimbia. Alifariki kesho yake usiku. Alikuwa na miaka 34. Mahakama ilichukua miaka 14 kuwatia hatiani watu 10.

Lakini kinachozungumzwa zaidi hapa ni tarehe 4 Januari. Siku hiyo mkewe, Moloyashree, aliyekuwa mwigizaji pia, alirudi mahali pale na kikundi chote, wakaigiza Halla Bol mwanzo hadi mwisho mbele ya maelfu ya watu. Kila mwaka tangu hapo wanarudi tarehe 1. Hotuba zipo, za vyama vya wafanyakazi, na moja kati yake ni ndefu kuliko haja. Naomba radhi kwa aliyeitoa, miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi.

Saa 7 mchana ngoma inalia na sasa mimi nina kazi. Mchezo wa barabarani hauna jukwaa wala pazia. Ukuta wake ni watu, na mtu hujisogeza mbele asijue. Duara likibana, mwigizaji hana pa kugeukia. Likilegea, wa nyuma wanaanza kuzungumza bei ya vitunguu. Nazunguka nikiwaketisha watoto chini, nikisema baitho, baitho, kwa Kihindi changu cha kuazima. Mtoto mmoja ananivuta nywele kujua kama ni za kweli.

Kihindi sielewi nusu. Ila kila mara neno linanikamata mguu: dunia, kitab, lekin. Halafu umati unapaza sauti wakidai haq, na ile sauti ya mwisho inatoka kooni. Haki. Nimesimama nimeinua mikono kuzuia watu, nikajikuta nami napiga kelele.

Kwetu mchezo wa mtaani niliouzoea ni wa vyandarua na kipindupindu. Mwisho mtu hugawa fulana zenye nembo ya mfadhili, watu wanagombania saizi. Niliwahi kucheza mbu mwenyewe. Sisemi ni vibaya, chandarua kinaokoa. Ila sikuwahi kuona hadhira ikiulipia mchezo.

Hapa inalipa. Saa 8 mchezo umekwisha, watu wawili wanatandaza kikoi cha babu na kukipitisha. Vibarua wanaolipwa kwa kutwa wanatoa noti za rupia 10 zilizokunjwa mara nne. Bibi mmoja anarusha sarafu kama anayemtunza mwimbaji wa taarabu, kwa madaha, ili aonekane. Naye anaonekana.

Saa 11 jioni tunahesabu hela kwenye treni, magotini. Saa 2 usiku nimerudisha ngoma mahali pake, nimelikuta shuka pale pale juu ya kiti, nimelikunja bila kumwambia mtu. Wenzangu hosteli wananiuliza nilikula wapi sikukuu. Wali na dengu, sahani ya karatasi, nimesimama.

Kikoi kinanuka chuma. Sikifui leo. Kesho ni tarehe 2, siku aliyofariki, na mimi nina kipindi saa 3.