Santiago, 1948: Mabingwa Walipokutana Kabla ya Ulaya

Mtu akiulizwa mashindano ya klabu bingwa yalianzia wapi, mara nyingi atataja Ulaya na mwaka 1955, kwa sababu hilo ndilo jibu linalorudiwa na watangazaji kila msimu mpya wa Ligi ya Mabingwa unapofunguliwa. Kwa maoni yangu hesabu hiyo imeanzia katikati. Miaka saba kabla yake, kuanzia Februari hadi Machi 1948, klabu saba kutoka nchi saba za Amerika Kusini zilikusanyika Santiago, mji mkuu wa Chile, zikacheza kwa zaidi ya mwezi mmoja kumtafuta bingwa wa bara zima. Ni kweli kwamba Ulaya ya kati ilikuwa na Kombe la Mitropa tangu 1927, lakini lile lilihusu nchi chache na halikuwa la mabingwa peke yao. Na mwaka 1930 Servette ya Geneva ilialika klabu za nchi mbalimbali katika mashindano yaliyochukuliwa na Újpest ya Hungaria, ila hayakuzaa kitu baada ya hapo. Ya Santiago yalizaa.

Mwenyeji alikuwa Colo-Colo, klabu yenye mashabiki wengi kuliko zote nchini Chile, chini ya rais wake Róbinson Álvarez Marín, ikisaidiwa na Luis Valenzuela, Mchile aliyekuwa akiongoza Shirikisho la Soka la Amerika Kusini. Michezo yote ilipigwa katika Uwanja wa Taifa uliofunguliwa mwaka 1938. Walioalikwa walikuwa River Plate ya Argentina, Nacional ya Uruguay, Vasco da Gama ya Brazil, Municipal ya Peru, Emelec ya Ecuador na Litoral ya Bolivia. Hawa wa mwisho walitoka La Paz wakiwa wamebeba jina la mkoa wa baharini ambao Bolivia iliupoteza kwa Chile katika vita vilivyoanza 1879, na sasa walikuwa wageni katika mji mkuu wa nchi hiyo hiyo.

Waandaaji waliyaita mashindano ya mabingwa, na hapa ndipo ninapopenda kusimama kidogo, kwa kuwa ukiwachunguza mabingwa hao mmoja mmoja utaona kwamba wengi wao hawakuwa mabingwa wa taifa kwa maana tunayoijua leo. Brazil haikuwa na mashindano ya nchi nzima hadi 1959. Vasco ilikwenda Chile kwa sababu ilikuwa bingwa wa Rio de Janeiro wa mwaka 1947, na sidhani kama watu wa São Paulo walikubali kimoyomoyo kwamba klabu hiyo iliwawakilisha. Emelec ilitoka katika ligi ya Guayaquil, na Ecuador ilipata ubingwa wake wa kitaifa mwaka 1957. Ligi ya Peru ilikuwa ya klabu za Lima na bandari yake ya Callao, na hata humo bingwa wa 1947 alikuwa Atlético Chalaco, si Municipal iliyoshika nafasi ya pili. Uruguay ilicheza ligi ya Montevideo. Argentina nayo, pamoja na ukubwa wake wote, ilikuwa na ligi iliyozunguka Buenos Aires na miji michache kama La Plata na Rosario.

Sitaji hayo kwa kuyabeza mashindano. Umbali ndio uliokuwa ukiamua mambo, kwa sababu hakuna klabu ya wakati ule iliyoweza kuvuka nchi yenye ukubwa wa Brazil kila wiki mbili kwenda kucheza mchezo mmoja wa ligi. Kwa sababu hiyo hiyo haikuwezekana kuwa na michezo ya nyumbani na ugenini baina ya mataifa, na suluhisho likawa kuwaweka wote katika mji mmoja na kila timu icheze na kila nyingine mara moja. Wapenzi wa soka wa Afrika Mashariki waliozoea Kombe la Kagame, ambalo hukusanya klabu za ukanda wetu katika nchi moja kwa wiki kadhaa, wataelewa mara moja faida ya mpango huo, na pia kasoro yake: mwenyeji hucheza kila siku mbele ya mashabiki wake. Hata hivyo faida hiyo haikuisaidia sana Colo-Colo, ambayo haikumaliza hata katika tatu bora.

Aliyetarajiwa kushinda alikuwa River Plate, bingwa wa Argentina wa 1947, yenye Ángel Labruna, José Manuel Moreno na kijana wa miaka 21 aliyeitwa Alfredo Di Stéfano, ambaye msimu uliotangulia alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 27. Lakini Nacional iliichapa River mabao 3-0, na safu ya ushambuliaji iliyokuwa ikiogopwa bara zima ikatoka uwanjani bila bao. Nacional yenyewe, iliyokuwa na mfungaji bora wa mashindano, Atilio García, ilikuwa imeshafungwa 4-1 na Vasco. Vasco, chini ya kocha Flávio Costa, iliichapa pia Municipal 4-0, ikaifunga Litoral 2-1 na Emelec 1-0, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Colo-Colo.

Kwa hiyo tarehe 14 Machi, Vasco ilipokutana na River, hesabu ilikuwa hivi. Ushindi ulikuwa na pointi mbili na sare pointi moja. Vasco ilikuwa na pointi tisa na huo ulikuwa mchezo wake wa mwisho, wakati River ilikuwa na pointi sita na bado ingekutana na Colo-Colo. River ikishinda yote miwili ingefika kumi na kutwaa ubingwa. Vasco ilihitaji sare tu. Mashindano hayakuwa na fainali, lakini ratiba ilikuwa imetengeneza moja. Labruna alipiga penalti, na kipa wa Vasco, Moacir Barbosa, akaiokoa. Matokeo yakawa 0-0, na Vasco ikawa bingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. River iliifunga Colo-Colo siku tatu baadaye ikamaliza na pointi tisa, moja nyuma ya Vasco.

Inaniuma kidogo kwamba Barbosa hakumbukwi kwa penalti ile. Miaka miwili baadaye alikuwa langoni mwa Brazil katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, akiwa na wenzake kadhaa wa Vasco na kocha yule yule, Ghiggia wa Uruguay alipopiga mpira uliopita kati yake na mwamba wa karibu. Brazil ikafungwa 2-1, ikakosa Kombe la Dunia, na Barbosa akabebeshwa lawama hizo hadi alipofariki mwaka 2000.

Habari za Santiago zilifika Paris, kwenye gazeti la michezo la L'Équipe. Desemba 1954 magazeti ya Uingereza yalipoisifu Wolverhampton Wanderers kuwa bora duniani kwa kuifunga Honvéd ya Hungaria 3-2, mwandishi Gabriel Hanot alijibu kwamba ubora huo uthibitishwe katika mashindano ya klabu za Ulaya, na mwenzake Jacques Ferran, aliyeshiriki kuuandaa mpango huo, alieleza baadaye kwamba mfano waliokuwa nao ni ule wa Amerika Kusini. Septemba 1955 Kombe la Ulaya likaanza Lisbon kwa Sporting na Partizan kutoka sare ya 3-3. Nalo pia halikuwa la mabingwa watupu: Uskoti iliwakilishwa na Hibernian iliyoshika nafasi ya tano, wakati bingwa Aberdeen akibaki nyumbani. Makombe matano ya mwanzo yalichukuliwa na Real Madrid, na mshambuliaji wake mkuu alikuwa yule yule Di Stéfano aliyelikosa la Santiago kwa pointi moja.

Amerika Kusini yenyewe ilisubiri hadi 1960 ndipo Copa Libertadores ikaanza, na Afrika ikafuata mwaka 1964 kwa kombe lililochukuliwa na Oryx ya Douala. Vasco nayo ilikaa na ubingwa usio na mahali katika orodha rasmi hadi 1996, Shirikisho la Amerika Kusini lilipoutambua. Mwaka uliofuata ikaruhusiwa kuingia Supercopa, mashindano yaliyokuwa ya mabingwa wa zamani wa Libertadores pekee. Hiyo ikawa Supercopa ya mwisho kuchezwa, na aliyeichukua ni River Plate.