Kibao cha Idi kinachopindika, na kwa nini usikianike juani

Niseme mapema asije mtu akanilaumu: wanaosema kibao hiki, bamba jembamba lenye neno عيد (Idi) linalong'aa kwa umeme, hutengenezwa kwa vitu vya nyumbani wamepunguza ukweli kidogo. Karatasi ya fedha ya kufungia chakula, rangi nyeupe ya mafuta iliyobaki koponi, vanishi isiyo na rangi, plastiki za laminesheni, hivyo sawa, vyote vilikuwemo nyumbani au hapa kwenye duka langu la steshenari Wete, Pemba. Lakini unga wenyewe unaotoa mwanga haumo jikoni kwa mtu yeyote. Wangu umeletwa na binamu yangu aliyeko Maskati, kipakiti kidogo, na mama yake alitaka kujua kwanza kama ni halali kuusafirisha.

Unga huo ni zinki salfaidi iliyotiwa shaba chembe kidogo. Mfaransa Georges Destriau ndiye aliyeonyesha, mwaka 1936, kwamba unga wa namna hii ukiwekwa baina ya ncha mbili za umeme wa mkondo geu, yaani unaobadili upande kila mara, unatoa mwanga bila kupashwa moto. Wanaokumbuka saa za Timex za miaka ya 1990, zile ukibonyeza kitufe uso mzima unawaka rangi ya bahari, washauona mwanga huu mkononi. Ila ukiagiza, angalia sana. Unga mwingi unaouzwa kwa jina la kung'aa gizani ni ule wa strontiamu alumineti, unaokunywa mwanga wa mchana ukautoa usiku. Huo utie umeme mpaka uchoke, hauna habari na wewe. Sema unataka unga wa elektroluminesensi, yaani wa kung'aa kwa umeme, na ukipata ule ambao kila chembe imefunikwa na ganda jembamba la kuzuia unyevu, chukua huo hata kama bei imepanda. Kwa nini, nitafika.

Kazi yote ni matabaka. Chini kuna karatasi ya fedha. Juu yake rangi nyeupe, kisha unga uliochanganywa na vanishi, kisha plastiki angavu inayopitisha umeme. Umeme wenyewe hauvuki kutoka upande mmoja kwenda wa pili, unasukumwa huku na huku mara elfu na zaidi kwa sekunde, na kila unapogeuka unga unatoa mwanga. Waliosoma fizikia skuli watatambua kuwa hii ni kapasita tu, ambayo umeme usiogeuka hauipiti, ndiyo maana ukiunga betri moja kwa moja hupati kitu. Rangi nyeupe haikuwekwa kwa urembo. Weupe wake ni titaniamu dayoksaidi, ambayo inazuia umeme usitoboe na papo hapo inakuza nguvu inayoufikia unga. Viwandani hutumia bariamu titaneti, ambayo ni bora zaidi, lakini rangi ya milango ya bibi yangu imefaa. Paka nyembamba mara mbili, ya kwanza ikauke kabisa. Pakibaki kitundu hata cha ncha ya sindano, cheche itapita hapo na utaachiwa doa jeusi.

Plastiki inayopitisha umeme ndiyo inayowashinda wengi, na kumbe mafundi wanaitupa kila siku. Skrini za redio za gari za zamani, na zile tableti za Kichina za mwanzo ambazo lazima uzikandamize kwa ukucha au kalamu ndipo zisikie, juu zina plastiki laini iliyopakwa indiamu tini oksaidi. Skrini zinazosikia kidole bila kukandamizwa hazifai, nyingi ni kioo kigumu. Fundi mmoja wa Chake alinipa mbili za inchi 7 bure, akinitazama kwa huruma. Ibandue taratibu, tafuta kwa mita ya umeme upande unaopitisha umeme, maana ni mmoja tu, na huo ndio utakaolala juu ya unga vanishi ikiwa bado inanata. Plastiki hii haichomeleki kwa risasi ya kuungia waya, lakini pembeni ina mistari ya fedha iliyochapwa kiwandani. Bana waya wako hapo.

Sasa maandishi, na hapa ndipo nilipofurahi. Panapong'aa ni pale tu palipo na karatasi ya fedha chini. Kwa hiyo unaandika kwa mkasi. Ukitumia herufi za Kirumi, kila herufi inasimama peke yake na kila moja inadai waya wake. Mimi nikakata عيد kwa hati ya Kiarabu niliyofundishwa chuoni, yaani madrasa: ain, ya, dali, zote zimeshikana, neno zima ni kipande kimoja na waya mmoja unatosha. Zikabaki nukta mbili za ya. Hizo nimeziacha zining'inie kwa ujia mwembamba wa karatasi ile ile, nao unang'aa pia lakini ukiwa mbali huuoni. Mwalimu wangu wa chuo asingeipitisha hati hiyo, najua.

Unga uzidi vanishi kwa uzito, na usiache mapovu ya hewa. Halafu tuje kwenye kukausha. Sisi Wapemba kila kitu ni kuanika: karafuu, dagaa, makopa, nguo, magodoro. Kibao hiki usikianike! Zinki salfaidi ikikutana na unyevu na jua kwa pamoja inasawijika, na weusi huo hauondoki. Kausha ndani, kivulini, penye upepo, na kabla ya kuziba kiweke siku mbili tatu kwenye bati la biskuti pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kwetu wakati wa masika hata chumvi haitoki kwenye kopo. Kibao kisichozibwa hapa hakitaishi kama kinavyoishi kwa watu wa nchi kavu, kwa hiyo nimepitisha changu kwenye mashine ya laminesheni, ile ile ninayofungia vyeti vya watu, nikaacha ukingo mpana pande zote, kisha nikaziba kwa gundi pale waya zinapotokea. Kinapindika hadi kuzunguka nguzo ya baraza. Kukikunja, hapana, rangi itapasuka.

Umeme nimeutoa kwenye kisanduku cha waya za kung'aa za kupambia magari, kinachotumia betri mbili za rimoti na kutoa kiasi cha volti 100 za mkondo geu. Kinalia kama mbu, na hakuna dawa. Volti 100 zinachoma kidole, kwa hiyo zima kabla hujagusa waya. Na asikudanganye mtu uchomeke kibao kwenye umeme wa ukutani: kwa mapigo 50 kwa sekunde ya huo utapata mwanga hafifu, na ukiugusa unaweza kukuua.

Mwanga wake ni wa kijani kinachoelekea buluu. Mchana huoni kitu. Usiku umeme ukikatika, neno linasomeka mpaka ng'ambo ya njia, na bibi yangu aliweka kiganja juu yake, juu ya plastiki, akauliza: "Mjukuu wangu, taa gani hii haina hata joto?"

Unga umebaki zaidi ya nusu, na binamu ameahidi kuniletea ule uliotiwa manganizi, unaotoa rangi ya machungwa. Kinachonipungukia ni plastiki. Aliye Wete au Chake na redio ya gari iliyokufa, ya skrini ya kukandamiza, asiitupe. Apite dukani, nitamfungia vyeti vyake bure.