Friji ya Hiace ilikuwa inazima usiku: nilivyoitibu

Nalala kwenye Hiace yangu Kigamboni, umeme wote wa sola. Friji ya volti 12 ilikuwa inazima usiku ilhali betri imejaa. Fundi akasema nunua betri mpya. Sikukubali kabla ya kupima. Friji ikiwa inanguruma, mita ilisoma 12.5 kwenye betri, nyuma ya friji 11.4. Volti nzima inapotelea njiani, friji inaona kama betri imeisha na inajizima! Waya ulikuwa mwembamba, wa milimita mraba 1.5, na kiungo kimoja kimesokotwa tu, chumvi ya bahari imeshakitia ukijani.

Nikanunua waya wa milimita mraba 6 Kariakoo, nikaupitisha mzima bila kiungo. Sasa mita nyuma ya friji inasoma 12.3, na samaki wa soko la Feri wanafika asubuhi wakiwa bado wa baridi.

Fyuzi ya ampia 15 nimeiweka jirani kabisa na betri. Tafadhali msiiruke: waya mnene ukigusa bodi ya gari bila fyuzi, gari linaweza kuungua.